Diwani ya amani, kamusi mkononi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipotezewe muda: nyota tatu na nusu kati ya tano. Kitabu nimekipenda, kimeniudhi, na nimekisoma mara mbili. Jina lake silitaji kwa kuwa nina malalamiko na mchapishaji, na nimekwisha kumwandikia. Ni diwani ya mashairi ya vita na amani, yaliyotungwa kwa maneno ambayo wengi wetu tuliyaacha zamani au hatukuwahi kuyasikia. Mwishoni kuna sherehe, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, na hiyo ndiyo iliyonitia nongwa. Tutafika.

Siku ya kwanza nilisoma kama ninavyosoma kila kitu, mbiombio. Shairi la kwanza nikalimaliza kwa dakika moja bila kuambulia kitu. Nikarudi. Ubeti wa kwanza tu nikakutana na neno kondo. Nikajisemea, hili nalijua, ni kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto kuzaliwa. Lakini shairi lilikuwa la majeshi mawili yamekabiliana uwandani. Uzazi umefikaje hapo? Nikafungua kamusi, kumbe kondo ni neno la kale la vita. Mtunzi analijua hilo, na anajua pia kwamba msomaji wa leo akili yake itakimbilia chumba cha kujifungulia. Ndiyo maana shairi zima linasomeka mara mbili. Ukilisoma hivi, mama ana uchungu. Ukilisoma vile, kijana amelala chini na jeraha. Damu ni ileile na kilio ni kilekile. Nilikifunga kitabu nikakaa.

Angeandika "vita" ningepita tu. Neno vita tumelichosha. Tuna vita dhidi ya malaria, vita dhidi ya rushwa, vita vya maneno, hata timu mbili zikicheza mpira tunaambiwa ni vita. Amani nayo imekuwa neno la kufungulia hotuba na kufungia hotuba. Likitamkwa, watu wanaanza kutafuta viatu. Neno adimu halina wepesi huo. Linakukwaza, na ukijikwaa lazima uangalie chini.

Ufundi wa namna hiyo umo katika mashairi kama kumi na mbili hivi, na kwa hayo kumi na mbili peke yake ningekinunua tena. Kuna shairi la chembe. Mimi chembe ni punje, chembe ya mchanga, chembe ya haki. Humo chembe ni ncha ya mshale, halafu kabla hujaizoea inageuka kuwa chembe cha moyo, pale chini ya kifua panapouma ukipokea habari mbaya. Mshale unatoka kwa mtu mmoja na kuingia kwa mwingine bila neno kubadilika.

Shairi la ngeu lilinishinda kwa siku mbili. Sherehe inasema ngeu ni jeraha la kichwani, basi. Lakini ubeti wa tatu una mbao, una mstari ulionyooka, una mtu amefumba jicho moja. Nikampigia simu mjomba wangu, ambaye ni fundi seremala tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba. Ngeu ni nini?"

"Marahaba. Leo umetaka kujifunza kazi?" Akacheka. "Ngeu si ile kamba ya kupigia mstari! Unaitia rangi, unaivuta huku na huku, unaiachia, inaacha alama. Unapasua kufuata alama."

Basi shairi likafunguka. Mtu anachora mpaka juu ya ardhi kama fundi anavyopiga ngeu juu ya ubao, kwa jicho moja, akiwa na hakika kabisa. Na palipopita mstari wake ndipo wengine walipotoka ngeu vichwani. Rangi nyekundu kwa rangi nyekundu. Nilipomsomea mjomba ubeti ule kwenye simu alinyamaza, halafu akasema huyo aliyeandika amewahi kushika msumeno. Sijui kama ni kweli, ila kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko zote zilizoandikwa kwenye jalada la nyuma.

Lingine nililolipenda halina hata neno gumu. Limecheza na kusalimu. Salama, salamu na salimu ni mzizi mmoja uliotoka Kiarabu. Tunasalimiana asubuhi, na jeshi lililoshindwa linasalimu amri. Mtunzi anamweka askari mbele ya aliyemshinda, wote wawili mikono imeinuliwa, na msomaji haambiwi kama hiyo ni mikono ya kushindwa au ya kuamkiana. Hapo nilijifunza kwamba uadimu unaweza kuwa wa matumizi, neno likiwa lilelile tunalolitumia kila siku.

Sasa machungu. Mashairi mengine, nadhani zaidi ya nusu, ni msamiati umepangwa kama vyombo vya kabatini visivyotumiwa. Ubeti mmoja una adawa, hasama, nakama na jitimai, yote ndani ya mishororo minne. Nilitafuta moja baada ya jingine: uadui, uadui tena, maangamizi, huzuni. Nikayarudisha kwenye ubeti nikapata habari kwamba uadui huleta maangamizi na maangamizi huleta huzuni. Ahsante. Hilo nilikuwa nalijua kabla sijatoa miwani. Neno adimu likiwa limefunika wazo jepesi, msomaji akilifunua anaona ametaniwa. Na mara nyingine unaona kabisa kwamba neno limeitwa kwa sababu ya kina tu, mtunzi alikuwa anahitaji -ma mwishoni, nakama ikapita njiani ikakamatwa.

Nasema hivyo nikiwa mpenzi wa vina. Diwani yote ni ya mapokeo: mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) kumi na sita, nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Katika miaka ya 1970 washairi wetu waligombana kweli kuhusu jambo hili, wengine wakisema shairi bila vina na mizani si shairi, wengine wakisema hizo ni pingu. Mtunzi huyu amechagua upande bila kutoa maelezo. Mimi naona inamfaa, kwa sababu umbo lenyewe lina historia ya ugomvi. Utendi wa kale wa mwaka 1728, ambao ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili tuliyonayo, unasimulia vita. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga beti za kuwakejeli wapinzani wa mji wake wakati wa uhasama na Lamu na Oman. Malumbano ni vita vya tungo: mmoja anatupa, mwenzake anajibu kwa umbo lilelile. Kuichukua zana hiyo na kuililia amani kunahitaji ujasiri, na pale alipofaulu inasikika kama mtu anayeimba wimbo wa jeshi kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

Haya, sherehe. Ndiyo hasa iliyonipunguzia nyota. Maneno yamepangwa kwa kufuata mashairi, si kwa alfabeti, na namba za kurasa haziendani na kurasa zenyewe. Kondo halimo kabisa! Ngeu imepewa maana moja kama nilivyosema. Lakini "matozi" imefafanuliwa mara tatu, na mtu yeyote anayejua kwamba Mombasa na Lamu macho ni mato anaweza kukisia kwamba matozi ni machozi. Yule aliyeandaa sherehe hakuyasoma mashairi, au aliyasoma mbiombio kama mimi siku ya kwanza. Kitabu cha namna hii kinaishi kwa sherehe yake. Ukimwachia msomaji kamusi peke yake, wengi wataishia ukurasa wa kumi. Hata kamusi haitoshi. Niliyonayo ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la zamani la 1981, na maneno manne hivi sikuyaona humo. Mawili nimeyapata kwa mama, ambaye alishangaa kwamba siyajui.

Maandishi ni madogo, karatasi ni nzuri, jalada limeanza kujikunja. Yatosha.

Ushauri wangu kwa atakayekipata: usikisome kitandani. Kisome mezani, shairi moja kwa siku, kwa sauti, na pembeni uwe na mtu aliyekuzidi umri. Ukikuta ubeti wenye maneno magumu zaidi ya matatu, ruka, hutakosa kitu.

Kuna jambo moja ambalo halimo kitabuni lakini nisingelifikiria bila kitabu. Wiki iliyopita mwanangu alikuwa anafanya zoezi la umoja na wingi. Kiti, viti. Kisu, visu. Akafika kwenye vita akaandika "kita", akaniletea nimkagulie. Nikamwambia hapana, vita havina umoja. Nilipojisikia nikisema maneno hayo nikaacha kukagua. Usiku ule nikajaribu ubeti wangu wa kwanza tangu nimalize shule:

Vita havina umoja, hakuna "kita" cha vita,
Mwenye silaha na hoja, wote wawili hujuta,
Mama kizani angoja, mwanawe hatamuita,
Amani neno ni moja, kwa nini twalitafuta?

Ndiyo, "hatamwita" nimeinyoosha ikawa "hatamuita" ili mizani itimie, watu wa mizani wataniwia radhi. Mwanangu ameusoma, akauliza kwa nini yule mama hawashi taa. Bado sijamjibu, na daftari lake la sarufi lina alama ya kosa niliyoitia mimi mwenyewe juu ya lile neno kita.