Programu ya kupunguza uzito niliyolipia: kilo zilishuka, lakini ile voisi imenikaa rohoni

Nililipia programu ya kupunguza uzito inayoendeshwa kwa WhatsApp, elfu themanini taslimu. Hela nilituma asubuhi, mchana nikawa nimeshaingizwa kwenye kundi. Jina lao silitaji, wao wenyewe wakisoma watajijua. Naandika kwa sababu hapa Mwanga, Kigoma, kina mama wenzangu wananisimamisha sokoni kuniuliza kama wajiunge, na majibu yangu yamekuwa yakibadilika kila siku kulingana na hasira yangu ilivyoamka. Leo acha niyaseme yote.

Kwanza haki yao niwape. Kilo zilishuka, tena haraka. Gauni la kitenge nililokuwa nimelikatia tamaa lilifunga zipu. Soda niliacha. Chai ya vijiko vitatu vya sukari niliacha, na maandazi ya kila asubuhi pia, na kwa hilo nawashukuru kabisa, sina neno. Ungeniuliza wiki zile za mwanzo ningekwambia kimbia ukajiunge.

Masharti yenyewe siku hizi karibu kila mtu anayajua: hakuna ugali, wali, ndizi, viazi wala mihogo, maharage marufuku, matunda marufuku isipokuwa parachichi. Unakula nyama, mayai, samaki, mboga za majani na mafuta mengi, milo miwili tu, na jua likizama mdomo umefungwa. Kichwa kiliniuma sana mwanzoni. Mdomo ukawa unatoa harufu hata nikipiga mswaki, na choo kikawa kigumu mpaka nikawa naogopa kwenda. Kwenye kundi tukiuliza tunaambiwa ni mafuta yanayeyuka, vumilieni. Nikavumilia.

Halafu ile karatasi ya vyakula. Salmoni. Brokoli. Unga wa lozi. Mafuta ya zeituni, na mafuta ya nazi ambayo wanayauza wao wenyewe kwenye vichupa. Mtu anakaa kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lenye dagaa, migebuka, kuhe na sangara, halafu karatasi yake ya samaki inaanza na salmoni! Hilo nalo ningelimeza, maana nilijua karatasi ni moja kwa watu wa mikoa yote. Ndiyo maana nikauliza.

Ilikuwa kile kipindi ziwa limefungwa. Watu wa huku mnakumbuka: mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Samaki wabichi hawakuwepo, na nyama ya kila siku kwa mfuko wangu haiwezekani. Nikaandika kwenye kundi kwa adabu zote: "Kocha habari za jioni. Huku kwetu ziwa limefungwa, samaki wabichi hatupati. Naweza kula dagaa wakavu niliowahifadhi, na maharage kidogo? Na mafuta, mawese naruhusiwa?"

Kocha, yule anayeendesha programu, akajibu kwa voisi, ujumbe wa sauti. Inaanza na kicheko. Kicheko kirefu, na nyuma yake kuna mtu mwingine anacheka naye. Kisha anasema: "Jamani, huyu mama wa Kigoma anataka apungue kwa dagaa na mawese. Mama, hii si programu ya kijijini. Kama huwezi gharama, waachie wenzako." Basi. Dagaa ndiyo au hapana, hakusema. Maharage yana tatizo gani, hakusema. Watu wakaanza kuweka vile vikatuni vya kucheka machozi, mmoja baada ya mwingine, nami nimekaa jikoni simu mkononi, mtu mzima na heshima zangu, nina watoto wanaonitegemea na biashara inayonijua mji mzima.

Nimeisikiliza hiyo voisi mara nyingi kuliko inavyostahili. Kinachoniuma ni kwamba swali langu lilikuwa la maana. Nimelipa ili niulize. Kama chakula cha Kigoma hakimo kwenye mpango wenu, semeni kabla hamjapokea hela ya mtu wa Kigoma.

Na mngejua mnachokicheka. Dagaa unamla mzima, na mifupa yake, kwa hiyo protini na madini ya mifupa unavipata kwa pamoja. Mawese ule wekundu wake ndiyo mwili unautengenezea vitamini A, ile ya macho. Nakubali mawese ni mafuta mazito, karibu nusu yake ni yale mafuta ya kuganda ambayo tunaambiwa tuyapunguze kwa ajili ya moyo. Lakini mafuta ya nazi wanayotuuzia yana zaidi ya asilimia 80 ya hayo hayo! Sasa hapo lipi la kijijini?

Pamoja na hayo bado nilikuwa nawatetea kidogo. Nilisema moyoni, kocha ana ulimi mbaya ila mpango wake unafanya kazi, chukua kilichokufaa uachane na mengine. Utetezi wangu uliishia kwa shangazi.

Shangazi naishi naye, ana kisukari, na asubuhi na jioni anameza vidonge vya kushusha sukari. Zile voisi nilikuwa nazifungulia jikoni huku napika, naye anasikia. Kocha alikuwa akirudia kwamba wanga ndiyo sumu ya wagonjwa wa sukari, ukiuacha unapona. Shangazi akaamua mwenyewe. Jioni akasogeza ugali pembeni, akala mboga kidogo na yai, vidonge vyake akameza kama kawaida. Asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, ananijibu maneno yasiyoeleweka. Nikampa maji ya sukari kwa kikombe, kikawa kinagonga meno yake. Baada ya kama robo saa akaanza kuniita jina langu. Wale waliolipwa elfu themanini zangu hawakuwahi kuniuliza hata siku moja, kwenye fomu wala kwa mdomo, kama mimi au mtu nyumbani kwangu ana ugonjwa au anatumia dawa.

Kliniki nikaenda naye, na karatasi yao nikaibeba. Hapo ndipo nilipokutana na afisa lishe, kijana tu, lakini alianza na "Shikamoo mama" kwa shangazi, akavuta kiti akakaa usawa wake. Karatasi akaisoma yote. Akatueleza taratibu: vidonge vile vinasukuma sukari chini uwe umekula au hujala, kwa hiyo mtu akikata wanga na kuruka milo ghafla, sukari inashuka kupita kiasi, na hiyo inaweza kuua kabla ile ya juu haijaua. Kubadili chakula inawezekana, lakini daktari abadilishe na dozi. Nami akanieleza kuhusu zile kilo zangu za mwanzo zilizonifurahisha. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja imeshikana na maji karibu gramu tatu. Ukikata wanga, akiba inaisha na maji yanatoka. Yaani sehemu kubwa ya nilichoshangilia niliikojoa. Kundi zima lilikuwa linapongezana, na hakuna aliyetuambia.

Akaniuliza nyumbani tunakula nini. Nikataja kwa wasiwasi, maana ile voisi ilikuwa bado masikioni: ugali wa muhogo, dagaa, sombe (majani ya muhogo), maharage, mawese. Akasema, "Mbona mnavyo vyote, dada? Tatizo ni vipimo." Akafumba mkono wake mezani: ugali usizidi ngumi yako. Dagaa au maharage kiasi cha kiganja. Nusu ya sahani iwe mboga, sombe au lengalenga au mchicha, chochote kilichopo. Mawese usimimine kwa macho, pima kwa kijiko. Chungwa ule zima, juisi achana nayo. Ugali wa muhogo, akasema, ni wanga karibu mtupu, hivyo ukiula peke yake hujala, ukiula na dagaa na majani umekula. Mama yangu mzazi alikuwa akitupakulia hivyo hivyo kabla sijajua sahani kubwa za mjini.

Baadhi ya kilo zimerudi, sifichi. Nyingine zinaondoka polepole, kuna mwezi mzani unagoma kabisa, na mtu anayetaka kuvaa gauni la harusi ya mwezi ujao hatafurahia njia hii. Lakini kichwa kimetulia, choo kimekuwa sawa, na maharage nayala. Shangazi dozi yake ilipangwa upya na sukari yake imekaa vizuri kuliko tangu nimjue na ugonjwa huu. Kwa yule kijana sikutoa hata shilingi.

Nilipompigia kocha kumweleza yaliyompata shangazi, nikiomba tu atoe tahadhari kwenye kundi kwa wenye wagonjwa wa sukari, alinikatia simu. Jioni nikakuta nimeondolewa kwenye kundi. Nimeomba hela yangu kwa ujumbe, unaonesha umesomwa, jibu hakuna. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga niwape nyota mbili kwa ajili ya soda na sukari nilizoacha. Siwapi. Soda ningeweza kuacha bila wao.

Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani ambaye tayari amejiunga, karatasi yao aipeleke kliniki kabla mgonjwa hajaacha ugali. Na kama ulikuwa kwenye lile kundi jioni ile ukacheka, yule mama wa Kigoma ni mimi, duka langu la vitenge lipo Mwanga, karibu tuongee.