Zeekr ipi ununue: tuanze na 7X, tumalizie na ya kufikiria mara mbili

Wadau, maswali ya Zeekr, hizi gari za umeme za Kichina, yamekuwa mengi, kutoka kwa waliopo Uholanzi na Sweden, waliopo Dubai, na hata walioko nyumbani ambao jamaa amewaambia anaweza kuwaletea moja kutoka China kwa bei ya chini. Nitawapa jibu mapema ili mwenye haraka asisome yote: kama pesa inaruhusu na una familia, chukua modeli ya 7X yenye betri kubwa na mota moja ya nyuma, toleo rasmi la nje ya China, kutoka kwa dila rasmi. Kama ni wawili au mtu na mtoto mmoja, chukua ile ndogo, Zeekr X. Hizo zingine zina wenyewe lakini lazima ujue unachotafuta.

Kwanza kidogo kuhusu hawa watu, maana wengi bado wanauliza "hiyo ni kampuni gani?" Zeekr ni ya Geely, Geely ya tajiri wa Kichina Li Shufu, ndiyo hiyo hiyo iliyoinunua Volvo kutoka kwa Ford mwaka 2010. Brandi yenyewe ilitangazwa Machi 2021, gari ya kwanza, 001, ikaanza kufika kwa wateja Oktoba mwaka huo huo, na mwaka ule walikabidhi gari kama elfu 6 tu. 2022 wakafika karibu elfu 72, 2023 zaidi ya laki moja na elfu 18, 2024 wakapita laki mbili na elfu 22. Mei 2024 wakaingia soko la hisa la New York. Yaani ndani ya miaka mitatu wametoka sifuri mpaka wanasumbua Wajerumani kwenye bei ambayo zamani ilikuwa ya BMW na Audi peke yao. Na siyo bahati, ofisi yao ya usanifu waliiweka Gothenburg, mji wa Volvo kule Sweden, chini ya Stefan Sielaff aliyekuwa mkuu wa usanifu Bentley, na chasi wanayotumia ndiyo ile ya Geely iitwayo SEA ambayo hata Volvo EX30 na smart #1 wamejengewa. Ukikaa ndani ya Zeekr ukagusa milango na siti unaona kabisa hii siyo gari ya kubahatisha.

Sasa kabla ya kupanga namba, jambo moja ambalo linawaumiza watu sana: kilomita za kwenye broshua, yaani gari inakwenda umbali gani betri ikijaa. Wachina wanapima kwa CLTC, Ulaya wanapima kwa WLTP, na hizo mbili hazifanani kabisa. Mfano 7X yenye betri ya kilowati-saa 100 na mota ya nyuma, China inaandikwa kilomita 780, Ulaya gari hiyo hiyo inaandikwa 615. Ile ya betri 75 China ni 605, Ulaya 480. Yaani ukiona namba ya CLTC toa kama moja ya tano ndipo uanze kuongea, halafu kwa baridi ya Januari au ukiendesha haraka barabara kuu toa tena. Muuzaji akikwambia 780 muulize ni CLTC au WLTP, akikosa jibu ondoka.

Namba 1: Zeekr 7X

Hii ilizinduliwa China mwaka 2024, Ulaya ikaanza kuuzwa 2025, na kwangu ndiyo gari iliyowafanya Zeekr wawe kampuni ya kuchukuliwa kwa uzito. Ni SUV ya urefu wa karibu mita 4.8, nyuma kuna nafasi mpaka mtu mrefu ananyoosha miguu, na inavuta tela la tani mbili. Lakini kinachonifanya niiweke juu ni kuchaji. Mfumo wake ni wa volti 800, na kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha betri ya 75 inatoka asilimia 10 mpaka 80 kwa dakika 13 hivi, ile ya 100 kwa dakika 16. Hiyo maana yake unashuka, mtoto anaenda chooni, unanunua kahawa, ukirudi gari imeshajaa vya kutosha. Nyumbani napo inapokea mpaka kilowati 22 kama una umeme wa fezi tatu.

Toleo gani sasa? Yapo matatu. Betri 75 mota moja, betri 100 mota moja, na betri 100 mota mbili. Hilo la mota mbili lina farasi 646 na linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.8, na wauzaji watakusukumia hilo hilo, lakini angalia unachopoteza, masafa yanashuka kutoka 615 mpaka 543, na unalipa zaidi. Labda unakaa Norway kwenye milima na theluji, hapo sawa, magurudumu manne yana kazi. La sivyo mota moja inatosha kabisa, wala haiko taratibu.

Na usiidharau ile ya 75. Betri yake ni ya LFP, aina ambayo haina nikeli wala kobalti, inavumilia kujazwa mpaka asilimia 100 mara kwa mara bila kuchoka haraka, kwa hiyo kwa mtu wa kazini-nyumbani-sokoni na safari ndefu mara chache hiyo ndiyo akili. Ilianza Uholanzi kwa bei ya karibu euro elfu 53. Hela nyingi, najua, lakini linganisha na Mjerumani wa ukubwa huo uone.

Namba 2: Zeekr X

Ndogo, mita 4.4 hivi, ndugu wa damu wa Volvo EX30. Mota ya nyuma na betri kubwa unapata kama kilomita 440 za WLTP. Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, waliipa nyota tano 2024 na wakaitaja bora kwenye kundi la gari ndogo za familia mwaka huo, na kwangu hilo lina uzito kuliko skrini na taa zote, maana mtoto anakaa siti ya nyuma. Ubaya wake ni kwamba ni ya volti 400, kuchaji ni karibu nusu saa siyo dakika 13, na buti ni dogo, ukiwa na stroller na mzigo wa wiki utaanza kupanga kama unacheza drafti. Kwa mjini ni tamu sana.

Namba 3: 001, ila ya mkono wa pili

Hii ndiyo iliyoanza yote, gari ndefu ya karibu mita 5, chini, pana, mtu akiiona barabarani anageuka. Toleo la Ulaya lina betri ya 100, mota moja ya nyuma inafika kilomita 620 za WLTP. Tatizo ni kwamba China wameifanyia mabadiliko haraka mno. Mwaka 2024 walitoa mpya mwanzoni mwa mwaka, Agosti wakatoa nyingine, na watu waliokuwa wametoka tu kununua wakakasirika wakaandamana kwenye maduka. Naelewa hasira yao kabisa, umelipa mamilioni halafu miezi michache gari yako imekuwa ya zamani. Kwa mnunuzi wa kwanza hiyo ni hasara, kwa anayenunua ya pili ni nafuu, kwa sababu bei inashuka wakati gari bado ina waranti. Kwa hiyo mpya sikushauri, iliyotumika miaka miwili na karatasi za sevisi zote zipo, nenda kaiangalie. Ila jua hii toleo la Ulaya siyo volti 800, usije ukadhani itachaji kama 7X.

Namba 4: 009

Basi la kifahari la familia, zaidi ya mita 5, siti sita au saba, siti za katikati kama za ndege daraja la kwanza. Kama una kampuni ya kubeba wageni wa hoteli au uwanja wa ndege Dubai, ifikirie, itajilipa. Kwa matumizi ya nyumbani ni kubwa mno na ghali mno.

Kabla hujasaini linganisha na mbili hizi, nisije nikaonekana nimelipwa. Tesla Model Y ya mota moja na betri kubwa ina WLTP 622 na vituo vyao vya kuchaji bado havina mpinzani kwa kutokuharibika. XPeng G6 iliyoboreshwa 2025 ina betri ya LFP, kilomita 525, na wanatangaza dakika 12 kutoka 10 mpaka 80. Kwa ubora wa ndani 7X inawashinda wote wawili, sina shaka na hilo. Kwa bei, G6 inakaribia sana.

Sasa mlioahidiwa gari kutoka China moja kwa moja au kupitia Dubai, hapa nawaomba mtulie msome vizuri. Gari iliyotengenezwa kwa soko la China siyo gari ile ile. Soketi yake ya kuchaji ni GB/T, Ulaya na sehemu nyingi ni CCS2, adapta zipo lakini ni kitu cha kununua, kubeba, na kuombea kifanye kazi na kila chaja. App inataka namba ya simu ya China, ramani ni za China, na skrini ikigoma hakuna dila atakayeigusa kwa waranti. Halafu usukani. Kenya hairuhusu kusajili gari ya usukani wa kushoto wala iliyozidi miaka minane, na gari za China bara ni za kushoto. Za kulia zipo, wanazitengeneza kwa Thailand, Hong Kong na Australia, kwa hiyo anayepeleka Mombasa atafute hizo. Walioko Kongo, Rwanda na Burundi usukani wa kushoto hauwasumbui, ila spea na fundi wa umeme mkubwa vinabaki swali lile lile. Bei ikikaa chini sana kuliko ya dila rasmi ujue tofauti hiyo utailipa baadaye kwa kioo cha mbele au taa inayosubiriwa kutoka kiwandani Ningbo, China.

Kodi nayo. Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 2024 wanatoza gari za umeme za Geely zinazotoka China asilimia 18.8 juu ya ile 10 ya kawaida. Norway haimo kwenye hiyo, ndiyo maana wenzetu wa Oslo wanaonekana kununua kwa raha. Walioko Marekani, ushuru ni asilimia 100 tangu 2024, msipoteze muda.

Siku ya kwenda kuijaribu, nenda asubuhi betri ikiwa baridi, omba upelekwe kwenye chaja ya haraka, tazama mwenyewe namba ya kilowati inapanda mpaka wapi na inadumu muda gani. Na kwenye 7X mlango unafunguka kwa kubonyeza, hauna mkono wa kushika kama gari tulizozoea, basi mwambie muuzaji akuonyeshe pale ndani unafunguaje umeme ukikatika, mbele na nyuma, milango yote minne, ufungue kwa mkono wako, halafu mwite na mtoto wako mkubwa naye afungue kabla hamjaondoka.