Mafuta ya kunukia kwa mgonjwa aliyetoka upasuaji: Kigoma ununue yapi kwanza?

Ukimuuguza mtu aliyetoka hospitali ya Maweni na kidonda kibichi, kila duka utakaloingia mtaa wa Mwanga litakuonyesha chupa yake. Nunua kwa kuangalia kinachomsumbua mgonjwa. Vidonge vya maumivu alivyoandikiwa ameze kwa saa zake vilevile. Mafuta haya ni msaada wa pembeni.

Kwa maumivu na usingizi, nayaweka mbele mafuta ya lavenda. Yamejaribiwa Iran kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, na walioyanusa walieleza maumivu kupungua, ingawa tafiti zenyewe ni ndogo. Lebo iandikwe Lavandula angustifolia, chupa iwe ya kioo cheusi. Muuzaji akikubali, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe: likikauka na kuacha doa la mafuta kama la andazi, yamechanganywa. Mililita 10 zinatosha kabisa, maana ni kama matone 200, na mgonjwa anahitaji mawili tu kwenye pamba.

Kwa kichefuchefu cha nusukaputi, usikimbilie chupa ya bei. Vipamba vya alkoholi ya isopropili, vile vya kufutia ngozi kabla ya sindano, ndivyo vilivyofanya vizuri vikinuswa, kwenye mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba. Mnanaa haukuonyesha tofauti ya wazi, kwa hiyo nauweka nyuma.

Mkaratusi na karafuu viache dukani. Harufu kali inaweza kumkohoza mgonjwa, na kikohozi kinavuta nyuzi. Karafuu nayo inawasha ngozi. Penye kichanga, mnanaa na mkaratusi visikaribie kabisa pua yake.

Mafuta yoyote yasiguse kidonda, yasinywewe, wala yasitiwe kwenye maji ya kumkanda mzazi. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, yaweke mbali.

Ukitaka kumpaka mikono au miguu, changanya matone 12 ya lavenda na mililita 30 za mafuta ya nazi. Mise yetu, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, inafaa pia, ila harufu yake huimeza lavenda, na mawese yataharibu mashuka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande hata kidogo: mrudishe hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda.