TAHADHARI: Laifu jaketi za kujijaza zinazouzwa Dodoma, usitoe hela kabla hujaifungua

Wakuu habari za muda huu. Naandika haraka maana najua kuna watu wameshatumiwa picha na huyu jamaa na wengine nasikia wametanguliza advansi kabisa. Kuna mtu anazunguka hapa Dodoma mjini anauza laifu jaketi zile nyembamba, zile zinavaliwa shingoni zinashuka kifuani na ukidondoka majini zinajijaza gesi zenyewe, anasema ni mzigo wa Ulaya umetoka kwenye maboti ya tanga ya wazungu, moja laki na themanini na ukichukua kuanzia tano anakushushia mpaka laki na nusu. Duka hana. Anakutana na wateja barabarani, mara Sabasaba mara kule Nanenane stendi, anafungua buti ya gari unachagua rangi, unalipa, kila mtu na njia yake. Wateja wake wengi ni vijana wanaoshuka Mtera kwenye mambo ya samaki na wale wanaotembeza watu kwa boti, na wa Hombolo pia wapo. Msinunue. Zile nilizozishika mimi kwa mikono yangu ni mzigo uliokufa, ukidondoka nazo majini ni sawa na kudondoka na shati.

Mpwa wangu ndo alichukua sita kwa ajili yake na wenzake, akapitia kwangu kunionyesha kwa sababu anajua mimi kabla ya kuhamia huku nilifanya kazi kwenye yoti Dar miaka mingi na hivi vitu vilikuwa mikononi mwangu kila siku. Nikamwambia fungua hiyo moja tuone ndani. Akaniambia "hapana mjomba, jamaa kasema ukifungua inajifyatua alafu gesi imeisha na yeye harudishi hela".

Hapo hapo nikajua kuna kitu. Huo ni uongo na ndio uongo anaoishi nao. Kufungua zipu au velikro ya laifu jaketi hakufyatui chochote. Kinachofyatua ni vitu viwili tu, maji yakiingia kwenye kifyatuo au wewe mwenyewe kuvuta ile kamba inayoning'inia upande. Tena mwenye jaketi ANATAKIWA aifungue mara kwa mara, kule tulikokuwa kila kabla ya safari tunaikagua kwa nje na kwa ndani tunaichungulia, na mara moja kwa mwaka inapelekwa kwa fundi wake. Kwahiyo muuzaji yeyote anayekukataza kufungua, mwache na mzigo wake uende zako.

Tukafungua zote sita pale mezani.

Kwa wasiozijua, ndani kuna mfuko wa plastiki ngumu uliokunjwa, kuna kisilinda kidogo cha chuma chenye gesi ya kabonidayoksaidi, na kuna kifyatuo ambacho ndani yake kina kidonge au karatasi ngumu. Ikilowa inalainika, springi inaachia, sindano inatoboa mdomo wa silinda na mfuko unajaa ndani ya sekunde chache. Jaketi ya mtu mzima iliyo nyingi sokoni ni ya nyutoni 150, yani inakubeba kama kilo 15 hivi, inatosha kumgeuza mtu aliyezimia uso ukaangalia juu, na hiyo kwa kawaida inatumia silinda ya gramu 33 za gesi. Kila silinda imegongwa maandishi ya uzito wake wote, chuma pamoja na gesi. Kwahiyo huhitaji kuwa mtaalamu, mzani wa jikoni wa dijitali unatosha.

Nikafungua silinda ya kwanza, unazungusha tu kwa mkono kinyume na saa inatoka. Imeandikwa 145. Nikaweka kwenye mzani wa mama watoto, ikasoma 112. Toa hapo mwenyewe, ni gramu 33 kamili hazipo, silinda tupu kabisa. Nikaangalia mdomo wake, kile kifuniko kidogo cha bati pale juu kinatakiwa kiwe laini hakina alama, hiki kilikuwa na tobo la sindano limezibwa na gundi ile ngumu ya mafundi alafu pakapuliziwa rangi ya fedha, nikakwangua na ukucha rangi ikabanduka na tobo likaonekana. Yani mtu alikaa chini, akachukua silinda iliyokwisha kufyatuliwa, akaiziba, akaipaka rangi, akijua kuna binadamu ataivaa aende nayo majini. Mimi hilo limeniuma kuliko hela. Kati ya sita, silinda tupu zilikuwa nne.

Mbili zilizobaki zilikuwa na gesi lakini nazo msifurahie. Vidonge vyake vilishapitwa muda siku nyingi, tarehe imechapwa pale pale kwenye kile kipande kinachobadilishwa. (Angalieni hapa, kampuni nyingine wanachapa tarehe ya kuisha na nyingine wanachapa tarehe ya kutengenezwa, soma lebo ya hiyo jaketi ndo ujue unahesabuje, nyingi ni kama miaka mitatu basi unabadilisha.) Kidonge cha zamani kinaweza kugoma, au kikavuta unyevu jaketi ikajifyatua yenyewe ikiwa imetundikwa ukutani. Alafu kuna kile kiklipu cha kijani, kazi yake ni kukuambia kwamba kifyatuo kiko tayari na hakijawahi kuvutwa, kinatengenezwa dhaifu makusudi ili ukivuta kamba kikatike. Kwenye moja ya hizo mbili hakikuwepo cha kwake, amefunga zipu tai ya kijani, hizi za kufungia nyaya! Nikamwambia mpwa wangu vuta kamba kwa nguvu zako zote. Akavuta mpaka akaegemeza mguu kwenye kiti, haikutoka. Sasa fikiria uko kwenye maji, umechoka, mkono mmoja umeshika ubao.

Ikabaki moja, hiyo kwa macho ilikuwa nzuri kweli. Tukaijaza kwa mdomo kwenye ule mrija wake jioni tukaiacha sebuleni, asubuhi imelegea kama chapati. Nzima inatakiwa ibaki ngumu usiku kucha, ikae mahali joto halibadiliki sana sio juani. Tukaipaka maji ya sabuni, mapovu yakatoka kwenye mkunjo wa shingoni, na chini yake nikakuta kiraka cha tyubu ya baiskeli. Mfuko wa laifu jaketi hauwekwi kiraka, ukivuja hiyo jaketi imekwisha kazi. Na mkitaka kutoa upepo baada ya kupima, geuza kile kifuniko cha mrija kichwa chini ukibonyeze kwenye valvu upepo utatoka wenyewe, msichokonoe na kijiti wala kalamu, hapo ndo valvu nyingi nzima zinaharibikia.

Najua kuna atakayesema Mtera ni bwawa tu, ng'ambo unaiona, jaketi ya nini. Anayesema hivo hajakaa kule kiangazi upepo wa mchana ukiamka, mawimbi yanakuja mafupi mafupi ya kukatiza mtumbwi na viboko wapo na mamba wapo. MV Nyerere, kile kivuko cha Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 haikuzama katikati ya ziwa, ilipinduka ikikaribia kufika Ukara, nchi kavu watu wanaiona, na walikufa zaidi ya 200.

Kwa wanaotaka hizi za kujijaza kwa kweli, labda una boti ya tanga unahitaji mikono iwe huru, ni kifaa kizuri sana ila ni kifaa cha kuhudumiwa. Kabla ya kulipa fungua, pima silinda, soma tarehe, vuta mikanda yote uone inashika, na ule mkanda wa kupita katikati ya miguu uwepo maana bila huo jaketi inapanda inakuja usoni wewe unabaki chini. Filimbi iwepo. Uliza kama kuna silinda na kidonge cha akiba, maana ikijaa mara moja haifanyi kazi tena mpaka ubadilishe vyote viwili, na kwa huku kwetu kuvipata ni shida, unaagiza. Silinda ikaze kwa mkono mpaka mwisho usitumie koleo, na uirudie rudie kwa sababu boti ikitikisika inalegea. Usiiache kwenye gari juani, na vumbi la huku likiingia kwenye velikro haishiki, piga brashi. Usivae koti juu yake.

Kama huwezi hayo yote, na sioni aibu yoyote hapo, chukua zile nene za boya la ndani, nyutoni 100 au 150, hazina silinda wala kidonge. Ila nazo zibonyeze, kuna watu wanashonea sponji la godoro humo ndani, linakunywa maji. Tumbukiza kwenye pipa la maji na jiwe juu iache usiku kucha, asubuhi ikiwa imekuwa nzito rudisha.

Huyu jamaa tulipompigia alisema "mzigo wa mtumba hauna garantii" akakata, sasa hivi namba ya mpwa wangu kaibloku na nasikia kabadilisha laini. Jina simtaji hapa kwa sababu analotumia sina uhakika ni lake. Anaendesha gari ndogo nyeupe, jaketi zake ni nyekundu na bluu na zote zina harufu ya rangi mpya ukisogeza pua kwenye silinda. Sisi tumesharipoti polisi na zile silinda zilizozibwa tumezitunza kwenye mfuko kama ushahidi. Kama na wewe aliwahi kukuuzia usifute meseji zake wala muamala wa simu, nenda nazo kituoni, na TASAC nao waambie maana usalama wa vyombo vya majini ni kazi yao. Na kama ulishampelekea ndugu yako yuko Mtera mpigie leo, mwambie aifungue.