Udi wa vijiti wa Kihindi na wa Kijapani: nilivyoulinganisha Mtwara

Kwa sebule na baraza chukua udi wa Kihindi. Kwa chumba cha kulala, pembeni ya msala au mezani pa kusomea, chukua wa Kijapani. Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kuchoma aina zote mbili hapa Shangani, Mtwara, msimu wa mvua na msimu wa kusi. Yanayofuata ni sababu, vipimo na makosa ya kuepuka, maana anayenunua mmoja ili ufanye kazi ya mwenzake ataishia kuulaumu udi bure.

Kwa upande wa Kihindi nilichoma Nag Champa ya Satya, ile pakiti nyeupe na bluu ya gramu 15; Hem ya sandali, pakiti ya pembe sita yenye vijiti 20; na udi mweusi wa bei poa ambao sitautaja jina. Kwa Kijapani nilichoma Mainichi-koh na Morning Star ya sandali, zote za Nippon Kodo, pamoja na Kobunboku ya Baieido. Chumba kina mita 3 kwa 3, mlango umefungwa, dirisha la nyavu wazi nusu. Siku moja, kijiti kimoja. Ukichoma viwili kwa mfululizo, cha pili hakipati haki yake kwa sababu pua imeshachoka na cha kwanza. Na usihukumu harufu ukiwa umekaa juu ya moshi: washa, toka nje dakika 10, kisha rudi. Ile pumzi ya kwanza mlangoni ndiyo harufu anayoipata mgeni wako.

Tofauti kubwa iko kwenye uti wa kijiti. Udi wa Kihindi una mwanzi katikati. Udi wa Kijapani hauna kitu ndani, ni unga mtupu uliokandwa kwa maji, ukasukumwa kupitia matundu kama tambi, ukakatwa na kukaushwa. Kinachoushika usimomonyoke, na kinachoufanya uwake taratibu bila kuzimika, ni unga wa gome la mti uitwao tabu. Unga wenyewe Wajapani huuita makko. Kwa hiyo kinachoungua ni dawa yenyewe tu, tangu ncha hadi mwisho. Kwenye kijiti cha Kihindi, sehemu ya unachokinusa ni mwanzi unaoungua. Mtu aliyezoea hausikii, lakini choma wa Kijapani wiki nzima kisha rudi kwenye wa Kihindi, utausikia siku ya kwanza: kuna ukali kidogo kooni, kama kuni mbichi.

Wa Kihindi nao si mmoja. Kuna wa kuchovya, ambao kijiti hutengenezwa kwa unga wa mkaa na gundi ya gome, hakina harufu yoyote, kisha kinatumbukizwa kwenye mafuta ya manukato yaliyozimuliwa kwa kemikali. Huo ndio mweusi, na ndio uliojaa madukani. Kuna na wa masala, ambao viungo vya unga, maua, mbao na utomvu huchanganywa na kuviringishwa kwenye mwanzi. Nag Champa ni ya ukoo huu: sandali na ua la champa, na kwa asili hutiwa utomvu wa mti uitwao halmaddi, unaonata na kuvuta unyevu hewani. Ndiyo maana kijiti chake ni laini ukikibonyeza, na rangi yake ni kahawia iliyopauka kama kimepakwa vumbi. Usidhani kimeharibika.

Namna ya kuutambua wa kuchovya kabla hujalipa: nusa pakiti ikiwa imefungwa. Ukipigwa na harufu kali ya marashi kupitia karatasi, mara nyingi ni wa kuchovya, na nguvu yote imo humo kwenye mafuta. Ukishafunguliwa, mafuta yanaruka. Ule mweusi nilioujaribu ulikuwa mzuri wiki ya kwanza, wiki ya sita ulinuka mkaa tu. Masala hukaa muda mrefu zaidi, na wa Kijapani nao ukihifadhiwa vizuri hauna haraka.

Sasa muda. Kijiti cha Nag Champa kiliwaka dakika 45 hivi, Hem kama 40. Mainichi-koh ya sentimita 14 ilikwenda dakika 28. Morning Star, ambayo ni fupi kidogo, dakika 24. Hesabu ya kichwani kwa wa Kijapani ni dakika 2 kwa kila sentimita, na hapa ndipo ninapoupendea: unaukata. Kwa swala au kwa kuondoa harufu ya chooni, sentimita 4 zinatosha. Wa Kihindi ukiukata unapoteza kipande, maana hauna pa kushikia. Chini ya pangaboi vyote vinakimbia, na hasara yake si dakika tu, harufu yenyewe inapeperushwa kabla haijakaa. Zima feni kwa robo saa ya mwanzo.

Harufu zenyewe. Nag Champa ni nzito, tamu, inafika sebule nzima na ukumbini, na kesho yake bado iko kwenye mapazia. Hem ni kali zaidi na ya moja kwa moja. Jikoni palipokaangwa samaki inashinda vita ambayo Mjapani haiwezi. Mainichi-koh ni sandali kavu yenye utamu mdogo, na mtu akikaa mita 3 anaweza kuuliza kama umewasha kweli. Kobunboku ina sandali na viungo. Mimi husikia mdalasini na karafuu kwa mbali, kama birika la chai ya viungo lililoondolewa jikoni kitambo. Ndiyo ninayoiweka juu ya zote, ingawa najua wengi hapa pwani wataiona baridi. Sisi tumezoea udi wa kupikwa kwa sukari na marashi juu ya makaa, na pua iliyolelewa na chetezo haishtuki kwa kitu kidogo.

Na kwa hao wa chetezo nina neno la pembeni. Udi tunaouita udi, ule wa vipande vya mti, Wajapani huuita jinko, maana yake harufu inayozama, kwa kuwa gogo lililojaa utomvu huo hudidimia majini. Kama ladha yako ni hiyo, usihangaike na pakiti za mkaa zilizoandikwa udi. Zile ni manukato ya maabara. Tafuta vijiti vya Kijapani vilivyoandikwa jinko. Ni ghali, kwa sababu mti wenyewe ni adimu, na biashara ya kimataifa ya jamii zake zote imewekewa vibali tangu 2005. Lakini kijiti kimoja cha namna hiyo kinanuka udi, si wazo la udi.

Kazi ngumu Mtwara ni unyevu. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa imelowa, na kijiti cha Kijapani kilichoachwa juu ya kabati kinazimika katikati bila sababu ya kuonekana. Makko hunywa maji kama unga wa muhogo. Weka vijiti kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, tupia vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Usipokuwa navyo, kaanga mchele vijiko 3 bila mafuta mpaka ubadilike rangi, uache upoe, ufunge kwenye kitambaa chepesi. Ubadilishe kila baada ya wiki 2. Kijiti kilicholowa hakijafa: kilaze juani saa za asubuhi dakika 30, juu ya karatasi, si kwenye bati, kwa kuwa joto la bati linafukuza harufu. Nag Champa usiikaushe hivyo. Ulaini wake ni wa asili yake, na ikikauka kabisa unga unabanduka kwenye mwanzi. Na usiweke aina mbili kopo moja. Hem itaipaka Kobunboku harufu ndani ya siku 3, na haitatoka.

Kitako cha kuchomeka nacho kina siri yake. Kwa wa Kihindi mambo ni rahisi: glasi ya mchanga inatosha, kwa kuwa chini pana mwanzi mtupu usiowaka. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi mara 3 ukaushe, la sivyo chumvi itavuta unyevu. Vile vibao virefu vyenye tundu vinavyouzwa navyo hufaa, ila kijiti kikilala sana jivu linadondoka nje ya kibao. Kiinue nyuzi 45 hivi, na weka sahani pana chini. Jivu lake ni kubwa na hudondoka likiwa bado moto. Kitambaa cha meza cha plastiki kikitoboka usishangae.

Wa Kijapani ukiuchomeka kwenye mchanga unazimika ukifika usawa wa mchanga na kukuachia kipande cha sentimita 2. Mchanga ni mzito, unanyonya joto la kaa. Vipande 10 vya namna hiyo ni dakika 40 za udi ulizozilipia na kuzitupa. Dawa yake ni majivu, nayo nyumba ya jiko la mkaa inayo kila siku. Chekecha kwa chujio la chai mara 2, yakaange kwenye kikaangio kikavu dakika 10 kuondoa maji, kisha yamimine kwenye bakuli la udongo lenye kina cha sentimita 5. Usishindilie hata kidogo. Jivu lililoshiba hewa linaacha kaa liendelee kuungua chini mpaka kijiti chote kiishe. Likiganda, kama linavyoganda msimu wa mvua, lichokonoe kwa uma kila wiki na ulirudishe kikaangoni mara moja kwa mwezi. Vipande vilivyovunjika vilaze tu juu ya majivu, vitaungua kwa ulalo bila shida. Morning Star huja na kitako kidogo cha kauri ndani ya boksi. Kinafaa, lakini kile kilichoingia tunduni hakiungui.

Kuwasha: wa Kijapani sekunde 3 hadi 5 za njiti ya kiberiti, masala sekunde 10 hadi 15 kwa sababu una maji ndani. Moto uzime kwa kupunga mkono. Ukipuliza kwa mdomo unavunja ncha ya kaa, na wa Kijapani, ambao ni mwembamba na mkavu, unakatika mkononi. Kabla hujaondoka subiri nukta nyekundu itulie na moshi upande mstari mmoja.

Moshi ni moshi. Wa Kihindi unatoa mwingi zaidi, na dari nyeupe ya jipsamu juu ya mahali pamoja itaonyesha duara la kahawia baada ya miezi kadhaa, hamisha bakuli. Wa Kijapani una matoleo ya moshi mdogo yaliyotengenezwa kwa mkaa, lakini moshi kutoonekana si sawa na chembe kutokuwepo. Nyumba yenye mtoto mchanga au mtu wa pumu, fungua madirisha au acha kabisa. Chini ya chandarua usichome, hata sentimita 2, na kwenye banda la makuti usifikirie.

Wanaouliza kama unafukuza mbu: hapana, si kwa kiwango cha kutegemea. Ile dawa ya mbu ya kuzunguka ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo chimbuko lake ni kijiti cha Kijapani hasa. Eiichiro Ueyama alianza mwaka 1890 na vijiti vilivyotiwa pareto, vikawa vinakwisha kwa dakika 40 hivi. Mkewe Yuki ndiye aliyetoa wazo la kuvizungusha kama nyoka aliyejikunja ili viwake muda mrefu zaidi usiku. Pareto hiyo hiyo inalimwa Nyanda za Juu huku kwetu. Lakini sandali na champa hazina pareto.

Bei usiilinganishe kwa pakiti, ilinganishe kwa dakika. Tuseme boksi la Kijapani la vijiti 50 limekufikia kwa Sh 25,000: kila kijiti ni Sh 500 kwa dakika 25, yaani Sh 20 kwa dakika. Pakiti ya Kihindi ya vijiti 20 ikiwa Sh 2,000, kijiti ni Sh 100 kwa dakika 40, yaani Sh 2.50. Ni mara 8. Ukikata wa Kijapani vipande vitatu, ambavyo kwa chumba kidogo vinatosha, pengo la matumizi linashuka sana, kwa sababu wa Kihindi huwezi kuuzima na kuuwasha tena bila kupata harufu ya mkaa uliolala.

Wa Kihindi utaupata maduka ya vipodozi na viungo Mtwara mjini, Mikindani na Lindi. Wa Kijapani sijauona rafuni huku. Unaagizwa Dar na kuja na basi, na hapo ndipo unapovunjika. Mwambie anayetuma achukue kipande cha bomba la plastiki la maji, urefu kidogo kuzidi boksi, aviringishe boksi kwa gazeti, alitumbukize humo na azibe ncha zote mbili kwa pamba na gundi ya karatasi. Kwenye mzigo wangu wa kwanza, uliofungwa kwenye bahasha tu, vijiti 31 kati ya 50 vilifika vipande. Ndivyo ninavyovilaza majivuni mpaka leo.