Uzoefu wangu: Krita tangu 2019, na tableti ya mtumba ya Kariakoo

Faili la kwanza nililolihifadhi linaitwa "dada wa dirishani", la Machi 2019. Juzi nimelifungua tena. Leya 41, yaani tabaka za picha zinazolaliana moja juu ya nyingine. Moja nimeiita "nywele", nyingine "nywele mpya", nyingine "nywele hii ndiyo". Uso ni wa katuni za Kijapani, macho yanang'aa kama taa za bodaboda, na mikono imefichwa mgongoni. Nikafungua na nyingine za mwaka ule. Huyu mikono iko mfukoni, yule ameikunjia ndani ya kanga, mwingine picha imemkata kiunoni. Mama mdogo ndiye aliyewahi kuniuliza, "Mwanangu, watu wako wote ni viwete wa mikono?" Nilicheka, ila iliniingia.

Kwa asiyeijua, Krita ni programu ya kuchora ya bure, na hakuna siku itakayokuambia muda wa majaribio umekwisha. Ipo ya Windows, Linux, Mac na tableti za Android. Ukiikuta inauzwa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, au kwenye duka la Microsoft usishtuke, ni ileile. Unawachangia tu wanaoitengeneza.

Mwaka wa kwanza nilichora kwa kipanya, sina la kusema hapo. Mwaka 2020 nikanunua tableti ya kuchorea Kariakoo, ya mtumba, ile isiyo na kioo: mkono unatembea mezani huku macho yako mbele kwenye skrini. Jina la kampuni nalihifadhi. Wiki mbili za kwanza mistari yangu ilikuwa kama ya mtu anayeandika amesimama kwenye daladala. Hilo mkono huzoea. Kero yenyewe ni uso wake, unakwaruza kama msasa na unakula ncha ya kalamu. Ikishalika upande inachora kama patasi. Nimeubandika plastiki ile ya kujaladia madaftari ya shule na ncha niliyonayo sasa imevuka mwaka.

Ndani ya Krita kuna kitulizaji cha mstari. Mstari unaifuata kalamu kwa kuchelewa kidogo, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba, na mtetemeko wa mkono unapotea. Nilikipandisha hadi juu nikakiacha hapo mwaka mzima. Kila mstari ukatoka laini, na kila picha ikafanana na nembo ya duka la dawa. Siku hizi nakiwasha kwenye mikunjo mirefu tu: shingo, pindo la nguo, usukani wa baiskeli.

Kilichonibadilisha hasa kilianzia kwenye umaskini wa laptopu yangu. Ina RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 tu. Picha ya sentimita 60 kwa 60 ya kuchapisha kwa ubora wa 300 dpi, yaani nukta 300 kila inchi, ni pikseli (nukta) 7,087 kila upande, na leya moja iliyojaa rangi hapo inakula kama MB 200. Piga hesabu ya leya 41. Feni inalia, kalamu inakwenda, rangi inafika baada ya sekunde tatu. Nilikuwa naomba Mungu nipate mashine kubwa.

Katika hali hiyo nikaenda Oysterbay, Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Nilitaka kuona tu, maana ukubwa ule wa mraba ni wao. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya makopo juu ya hadibodi, na bado mtindo wenyewe unategemea rangi ya kung'aa isiyokauka haraka. Nikamkuta mzee ana mbao nne. Amezipaka zote rangi ya nyuma, machungwa ikiingia kwenye njano, ameziegemeza ukutani zikauke.

"Shikamoo mzee. Kwa nini unaanza na nyuma?"

"Marahaba. Nikianza na twiga, nyuma nitaipitishia wapi?"

Nimerudi nyumbani nikafuta leya. Nyuma, mwili mkubwa, nguo, mistari, nakshi, na moja ya kubahatisha. Sita, basi. Brashi nazo, ingawa zinakuja nyingi kupita kiasi, nimebaki na mbili: moja kavu ya kufunika eneo, nyingine ngumu ya mstari. Vivuli vya ukungu vya 2019 vimekufa hapo. Rangi inakaa bapa, imekatwa kwa makali, na watu wakaanza kuniambia wanaitambua kazi yangu kabla ya kuona jina.

Toleo la 5, lililotoka Desemba 2021, limeleta kinasa kinachorekodi unavyochora. Washeni, lakini jiandaeni kuaibika. Nilijiona nimekuza jicho moja hadi likajaza skrini, nalifuta na kulirudia mara kumi na moja, wakati bega lililo chini yake limepinda tangu mwanzo.

Kwa wachoraji wa vitambaa: bonyeza W. Picha inajirudia pande zote, ukichora ua linalotoka kulia linaingia kushoto, hivyo pindo la kanga linaungana bila mshono. Nilimwonyesha shangazi, ambaye amevaa na kugawa doti nyingi kuliko umri wangu. Akasema, "Pindo nimeliona. Mji uko wapi?" Nilikuwa nimejaza nakshi kila mahali hadi katikati pamekosa mwenyewe. Nikapafuta, nikaweka korosho moja kubwa.

Tahadhari moja, na kosa ni langu: kama kazi inakwenda kuchapishwa, anza na CMYK, mfumo wa rangi za wino wa kuchapishia, tangu unapofungua ukurasa. Bango langu la kwanza nilichora kwa RGB, mfumo wa rangi za mwanga wa skrini, na kijani kilichowaka kwenye skrini kikatoka kama mchicha wa jana. Maandishi nayaweka kwa Inkscape, programu nyingine ya kuchora, ndivyo mkono wangu ulivyozoea.

Krita naipa nyota tano. Tableti tatu na nusu, nusu ni ya plastiki.

Mwezi uliopita nimemaliza picha ya mchuuzi wa madafu, panga kulia, dafu kushoto, mikono yote miwili mbele kabisa. Nikampelekea mama mdogo simu aione. Akaivuta karibu, akatulia, kidole chake kikawa kinahesabu juu ya kioo.

"Huyu wa dafu ana vidole sita."