Uzoefu wangu: miezi mitano ya kuongoza mechi ya timu, Ligny na Quatre Bras kwa barua pepe

Mchezo wenyewe ni Campaign Waterloo, katika mfululizo wa Napoleonic Battles ulioanzishwa na marehemu John Tiller na ambao siku hizi unatolewa na Wargame Design Studio. Nimeucheza kwa miaka kadhaa, mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, kwa kutumiana faili. Mwaka jana klabu yetu iliniomba niandae mechi ya timu: watu sita upande wa Ufaransa, sita upande wa Waprusia na jeshi la Wellington. Ilianza katikati ya Agosti na kwisha mwanzoni mwa Januari. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuandaa ya kwake, kwa sababu mimi nilipotafuta maelezo ya namna hii kwa Kiswahili sikuyapata.

Kwa asiyeujua: hii si michezo ya kubofya haraka. Ramani imegawanywa kwa pembesita, kila moja ni mita 100 ardhini. Zamu moja ni dakika 15 za vita. Unasogeza batalioni, vikosi vya farasi na mizinga, unaamua nani asimame kwa mstari apige risasi, nani atembee kwa safu nene, nani ajipange mraba farasi wakija. Batalioni iliyopigwa inachoka, inavurugika, mwisho inakimbia, na ikikimbia inaweza kuwavuruga na wenzake walio nyuma. Kompyuta yangu ni laptopu ya mtumba na haijawahi kulemewa. Picha zake ni za kawaida sana, lakini ukishaizoea ile ramani unaanza kuona bonde, kijito na ukuta wa shamba mahali palipokuwa na rangi tu.

Tulichagua tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya Waterloo. Siku hiyo Napoleon alipigana na Blücher, kamanda wa Waprusia, pale Ligny, huku marshali wake Ney akipigana na Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, kwenye njia panda ya Quatre Bras, kilomita kumi hivi kaskazini-magharibi. Katikati yao palikuwa na jenerali d'Erlon na askari kama 20,000, ambao siku nzima walitembea kutoka vita hii kwenda ile wakarudi, bila kupigana kokote kwa maana. Nilimtaka d'Erlon katika mechi hii kuliko mtu mwingine yeyote. Ukicheza peke yako, d'Erlon hana tatizo: wewe ndiwe Napoleon, ndiwe Ney, ndiwe d'Erlon, unamtuma unakotaka naye anakwenda. Weka watu sita halisi, kila mmoja na akili yake, ndipo utaona kilichotokea siku ile.

Mimi nilichukua amri kuu na Gadi ya Mfalme, nikiwa Mwanza. Kijana wa Arusha alikuwa Grouchy, mwenye farasi wa ubavu wa kulia. Ndugu yetu aliyeko Muscat alikuwa Vandamme, Mholanzi mmoja Gérard, mzee wa Kiingereza Ney, na jamaa wa Nakuru d'Erlon. Tuliitana kwa majina hayo kwa miezi yote mitano, hata kwenye salamu za asubuhi.

Upande mmoja una faili moja na neno la siri moja. Grouchy anafungua, anasogeza watu wake, anahifadhi, anamtumia Vandamme. Vandamme anamtumia Gérard. Hivyo hivyo mpaka inifikie mimi, nafunga zamu na kuituma kwa adui. Kila mtu nilimpa saa 10. Watu sita ni saa 60, yaani siku mbili na nusu. Na wenzetu wa upande wa pili vilevile. Zamu kamili ikawa siku tano. Vita kuanzia saa nane na nusu mchana hadi saa tatu na nusu usiku ni zamu 28. Piga hesabu mwenyewe, kisha waambie wachezaji idadi hiyo ya siku kabla hawajakubali. Mimi nilimwambia kila mmoja, na wawili walijitoa palepale. Nawashukuru kwa hilo. Afadhali ajitoe kabla ya risasi ya kwanza kuliko apotee zamu ya kumi na kuiacha kori nzima (jeshi la divisheni kadhaa) imesimama shambani.

Mpangilio wa nani atangulie ndio uliokuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Tulicheza kwa kanuni ya kufichana: humwoni adui mpaka askari wako wamwone. Zamu tatu za mwanzo niliwapanga kufuata nani ana muda lini, na Gérard akawa anasogea kabla ya farasi. Akaingiza brigedi nzima kwenye kijito cha Ligne mbele ya mizinga ambayo hakuiona. Saa chache baadaye farasi wa Grouchy wakapanda mwinuko na mizinga yote ikaonekana, lakini Gérard alikuwa ameshasogea. Kuanzia zamu ya nne nikabadilisha: farasi kwanza, kwa kuwa ndio macho, kisha askari wa miguu, akiba na Gadi mwisho. Kijana wa Arusha ilimlazimu kucheza alfajiri kabla ya kwenda kazini, na alifanya hivyo kwa moyo wake wote. Nasema wazi kwamba yeye ndiye aliyeibeba timu.

Zamu ya saba tulipata ajali mbaya. Vandamme alimtumia faili Gérard na, kwa kutaka kuokoa muda, akamtumia Ney pia, wakafanya kazi kwa wakati mmoja. Zikawa faili mbili, kila moja ina nusu ya ukweli, na programu haina njia ya kuziunganisha. Gérard alikuwa ametumia saa mbili kupanga mizinga yake juu ya kijiji cha Ligny, moja moja, akihakikisha kila mmoja unaona daraja. Ilibidi kazi yake itupwe, kwa sababu faili ya Ney ilikuwa imeshapitiwa na d'Erlon. Hakulalamika, lakini barua yake iliyofuata ilikuwa na maneno matatu tu. Tangu siku hiyo kila faili ilibeba namba ya zamu, herufi ya mtu kwenye mnyororo na jina la kamanda, na hakuna aliyeruhusiwa kutuma kwa zaidi ya mtu mmoja. Haikutokea tena.

Jambo la saa nalo. Wakati wa kiangazi cha Ulaya tuliwatangulia Waholanzi kwa saa moja na Waingereza kwa saa mbili. Mwisho wa Oktoba wao wakarudisha saa zao nyuma, sisi tukabaki palepale, na ratiba nzima ikateleza saa moja bila mtu kugundua kwa siku tatu. Ukichanganya na sisi wenyewe, ambao saa tatu yetu ni saa tisa ya kwenye simu, uwezekano wa kupishana ni mkubwa. Andika muda wa mwisho kwa saa ya mji mmoja tu, kwa tarakimu za saa 24, na usibadilishe.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike. Tuliweka kanuni yetu wenyewe ya ujumbe. Makamanda hawakuruhusiwa kuzungumza kuhusu vita nje ya barua za amri, na kila barua ilipita kwa mwamuzi, mwanaklabu asiyecheza. Mwamuzi anahesabu pembesita kati ya mwandishi na mwandikiwa, na tarishi wa farasi anakwenda pembesita 20 kwa zamu. Mtu aliye karibu anapata barua zamu hiyohiyo. Kutoka nilipokuwa mimi, karibu na Fleurus, hadi kwa d'Erlon nyuma ya Ney, zilikuwa pembesita zaidi ya 100: zamu 6. Saa moja na nusu ya vita. Kwa kalenda yetu, mwezi mmoja.

Zamu ya 4 nilimwandikia d'Erlon: acha njia ya Quatre Bras, njoo Saint-Amand, umpige Mprusia ubavu wa kulia. Niliona nimeandika vizuri. Kisha nikangoja. Vandamme aliingia Saint-Amand, akatolewa, akaingia tena. Kila nilipofunga zamu nilikuwa natazama kona ya kushoto ya ramani, na hakuna kilichotokea, na nilijua hakiwezi kutokea kwa sababu tarishi wangu bado yuko njiani. Barua ilimfikia zamu ya 10. Zamu ya 18 Vandamme akaniandikia kwamba kuna safu ndefu ya askari inaingia nyuma yake, je, ni wetu? Walikuwa wetu. Walikuwa mahali pasipo pao. Kwenye ramani kuna Saint-Amand, kuna Saint-Amand-la-Haye na kuna kitongoji cha tatu chenye jina hilohilo, vyote vimepangana kwa zamu chache za mwendo, na mimi nilihitaji aje kwa juu zaidi, upande wa Wagnelée, ubavuni mwa adui. Yeye alifuata jina nililoliandika. Barabara moja ikajaa watu wa kori mbili, batalioni za Vandamme zilizokuwa zinarudi kupumzika zikakutana na zile zilizokuwa zinakuja, na tulitumia zamu nne, saa nzima ya vita, kuwapanga upya.

Katikati ya hayo yule mzee aliyekuwa Ney naye alikuwa amemwandikia d'Erlon arudi, kwa kuwa Picton, jenerali wa Wellington, alikuwa anamsukuma kutoka shamba la Gemioncourt. Ney alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na haki. D'Erlon wetu aliendelea kuja kwangu, Ney akalipoteza shamba na kurudi nyuma kuelekea Frasnes. Mwaka 1815 d'Erlon halisi aligeuka akarudi, akaacha divisheni ya Durutte na kikosi cha farasi tu upande wa Ligny. Nilikuwa nikimlaumu kila niliposoma habari zake. Sasa simlaumu.

Mechi ilipokwisha na tukaruhusiwa kupigiana simu, jamaa wa Nakuru aliniambia kwa upole: «Kaka, Saint-Amand zilikuwa tatu. Niliisoma barua yako mara nyingi, nikachagua ile iliyoandikwa.» Barua ilikuwa ya mstari mmoja na nusu. Ningeongeza namba ya pembesita, angefika Wagnelée.

Matokeo: zamu ya 24 niliipeleka Gadi, tukachukua kijiji cha Ligny, lakini giza liliingia Waprusia wakiwa bado wameshika kijiji cha Brye. Programu ilihesabu pointi za vijiji na za waliopotea, ikasema sare. Niliridhika nayo.

Je, napendekeza? Kwa anayetaka kushinda haraka, hapana. Mechi ya watu wawili inamtosha, na ni nzuri. Kwa anayetaka kujua jeshi linavyokuwa watu wengi wanaojaribu kuelewana, sijawahi kupata kitu kinachokaribia hiki, na mchezo wenyewe umeshikilia vizuri kazi ambayo ni ngumu. Ila usianze bila mwamuzi, na usianze bila mchezaji wa akiba kila upande. Sisi tulimhitaji mara mbili, mara ya pili Vandamme alipofiwa na mama yake, na mtu wa akiba alisogeza kori yake kwa zamu tatu bila kumwuliza chochote mpaka aliporudi mwenyewe.

Tunajipanga sasa kwa tarehe 18, Waterloo yenyewe. Ney na Gérard wamebaki. Jamaa wa Nakuru ameomba kori ileile ya d'Erlon, na ameomba pia kanuni mpya: barua isiyo na namba ya pembesita mwamuzi airudishe kwa mwandishi, na tarishi aanze safari upya. Nimeiandika namba moja kwenye orodha.